Emali, Njia Panda ya Reli Mbili

Reli ya SGR inapokumbukwa, kinachokumbukwa ni treni. Tarehe 31 Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua Madaraka Express mjini Mombasa, na tangu siku hiyo simulizi limekuwa la kasi ya kilomita 120 kwa saa, urefu wa kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi na gharama ya shilingi bilioni 327. Stesheni hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba ni mahali pa treni kupumzikia. Ilhali kati ya stesheni tisa za abiria zilizofunguliwa wakati huo, tatu ziko Kaunti ya Makueni: Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Hakuna kaunti nyingine njiani iliyogawiwa nyingi kiasi hicho. Makala haya yanazikumbuka stesheni hizo na zile kongwe za reli ya zamani zilizozitangulia, na yana hoja moja ya kutetea: reli huweza kuanzisha stesheni, lakini haiwezi kuifanya kuwa makutano. Stesheni inakuwa makutano pale tu barabara zinapoifikia kutoka pande nyingi, na watu wakawa na sababu ya kushuka chombo kimoja na kupanda kingine. Kwa kipimo hicho Emali ndiyo stesheni kubwa ya Ukambani, ingawa hakuna mhandisi aliyekusudia iwe hivyo.

Ili hoja hii ieleweke, yafaa kukumbuka kwamba safari katika nchi hii hazikuanza na reli. Katikati ya karne ya 19 Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa biashara kati ya bara na pwani. Misafara yao ya pembe za ndovu iliteremka hadi Rabai na Mombasa, na kitovu chake kilikuwa Kitui, si Makueni. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni katika safari hiyo Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Baadaye Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kufyeka barabara ya Mackinnon kutoka pwani, na njia hiyo ikapita Kibwezi, ambako misheni ya Waskoti ilifunguliwa mwaka 1891 kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Machakos, kwa upande wake, ilikuwa makao ya utawala wa bara kabla Nairobi haijawa na jina katika ramani. Kwa hiyo wapimaji wa reli walipofika walikuta nchi yenye njia, masoko na vituo vyake. Walichofanya ni kuyapa mengi ya hayo mgongo.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse, ikavuka Tsavo mwaka wa simba wala watu, yaani 1898, ikapenya nchi kavu ya Makueni na kufika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo yote hadi Kisumu, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Miaka hiyo hiyo Ukambani ilikumbwa na ukame na njaa kali ambayo Wakamba huikumbuka kwa jina la Ngomanisye. Reli haikupita Kitui wala Machakos. Ilifuata mwinuko ulio nafuu kwa injini kati ya mto Athi na milima ya Chyulu. Matokeo yake yalionekana mara moja: mwaka 1899 makao ya utawala wa Jimbo la Ukamba yalihamishwa kutoka Machakos hadi Nairobi, na Kitui, iliyokuwa kitovu cha misafara, ikabaki ng'ambo ya mto Athi, mbali na filimbi ya treni. Mwenye kudai kwamba reli ndiyo iliyoleta kila kitu Ukambani hana budi kuandika katika daftari hilo hilo kile ambacho reli iliondoa.

Basi stesheni za Makueni zilichaguliwaje? Si kwa wingi wa watu, maana ukanda ule ulikuwa na watu wachache. Zilichaguliwa kwa maji. Injini ya mvuke hunywa maji mengi kuliko inavyokula kuni, na kutoka Voi kupanda hadi Athi maji ya juu ya ardhi ni adimu. Lakini Chyulu ni milima ya volkano yenye mawe ya matundu. Mvua inayoinyeshea haitiririki, huzama chini na kuibuka mbali kidogo kama chemchemi: Mzima upande wa Tsavo, Umani karibu na Kibwezi, na nyingine zinazolisha mito ya Makindu na Kiboko. Reli ikashika ukingo wa chemchemi hizo, na mfuatano wa stesheni ukajipanga: Mtito Andei, Darajani, Masongaleni, Kibwezi, Makindu, Simba, Emali, Sultan Hamud, Kima, Ulu na hatimaye Konza. Sultan Hamud iliitwa hivyo kwa heshima ya Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902 na kuja kuitazama kazi ya reli ilipokuwa imefikia hapo. Kima ilipata sifa mbaya Juni 1900, pale simba alipoingia ndani ya behewa lililoegeshwa usiku na kumuua Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, aliyekuwa amekuja kumwinda. Zaidi ya visa hivyo viwili, stesheni nyingi zilikuwa tangi, nyumba na bendera tu.

Ramani ya stesheni ya wakati huo ilikuwa sahili, na usahili wake una maana kwa hoja yetu. Reli ilikuwa njia moja yenye upana wa mita moja. Penye stesheni ilichipua njia ya pili ya kupishania, ili treni inayopanda isubiri inayoshuka. Stesheni masta hakuiruhusu treni kuondoka mpaka apate habari kwa waya kutoka stesheni ya mbele kwamba njia ni nyeupe. Kando kulikuwa na tangi la maji juu ya nguzo za chuma, bomba lake likining'inia juu ya reli, ghala la mizigo lenye paa la mabati, na makazi ya wafanyakazi yaliyopangwa kwa safu. Hapakuwa na ukuta. Mbele ya stesheni maduka ya Wahindi yalijipanga yakitazama reli, yakiuza chumvi, nguo, sukari na mafuta ya taa. Wafanyabiashara wa aina ya Allidina Visram walikuwa wameifuata reli kwa maduka tangu pwani hadi Uganda. Treni ya abiria ikisimama, akina mama walifika hadi madirishani na mayai, ndizi, maembe na mahindi ya kuchoma, na biashara ikaisha kabla injini haijashiba maji. Stesheni hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya injini, lakini kwa kuwa haikuwa na ua, ilikuwa soko bila mtu kuamua iwe soko.

Makindu ndiyo ushahidi ulio wazi zaidi wa kile ambacho mpango huo uliweza na ulichoshindwa. Kwa kuwa ilikuwa na maji na iko katikati ya mwinuko, kwenye kimo cha karibu mita 1,000, ilifanywa kituo cha kuhudumia injini. Mafundi, wachochea moto wa injini na madereva waliishi hapo, wengi wao Masingasinga, Wahindu na Waislamu kutoka Punjab. Wakasali pamoja chini ya mti, na mwaka 1926 Masingasinga wakajenga hekalu ambalo hadi leo humpa msafiri yeyote chakula na mahali pa kulala bila malipo. Katika enzi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kuanzia 1955, zilikuja injini 34 za Garratt za daraja la 59, kila moja tani 252, zikiitwa kwa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kwa muda zilikuwa miongoni mwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani katika reli ya mita moja. Kisha dizeli ikaja. Injini ya dizeli haihitaji kunywa Makindu wala kupakuliwa majivu Makindu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umekwisha, karakana ikanyamaza na wafanyakazi wakahamishwa. Mji uliojengwa juu ya haja ya injini ulipoteza haja hiyo siku injini ilipobadilika, na SGR ilipokuja haikuweka stesheni ya abiria Makindu hata moja.

Upande wa pili wa ushahidi uko Konza, mpakani mwa Machakos na Makueni. Kwa lugha ya wahandisi, Konza ndiyo makutano halisi: tangu mwaka 1915 reli ya tawi huchepuka hapo kwenda Magadi kuchukua magadi soda. Reli mbili zinakutana, ramani inaonyesha njia panda, na kwa zaidi ya karne moja mji haujapatikana hapo. Sababu si ngumu. Kinachobadilisha njia Konza ni magadi, si watu. Mabehewa yanapita na shehena yao hadi bandarini bila mtu kushuka, kununua chai wala kuuliza gari la kwenda kwao. Emali, kwa upande wake, ilikuwa na reli moja tu kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini barabara ya Loitokitok inaanzia hapo, ikipita Kimana kuelekea mbuga ya Amboseli na mpaka wa Tanzania. Upande wa pili njia zinapanda kuelekea Matiliku, Ukia na vilima vya Nzaui. Barabara kuu ya Mombasa inakatiza katikati. Pande hizo zina watu wa uchumi tofauti: Wamaasai wenye ng'ombe na mbuzi kusini, Wakamba wenye ndengu, maembe na machungwa kaskazini. Emali iko mpakani mwa mahitaji yao, na mnada wa mifugo ukakua hapo. Njia mbili zilimshinda fisi, lakini mji hauwezi kukua kwa njia moja.

Kuna atakayesema nimegeuza mambo: bila reli, barabara zisingekuja Emali, kwa hiyo reli ndiyo mzazi. Nakubali nusu ya kauli hiyo. Stesheni ndiyo iliyofanya mahali fulani pasipo na sifa pawe na jina, na barabara kuu ya Mombasa yenyewe ilifuata mstari wa reli, hadi lami ilipokamilika miaka ya 1960. Lakini mzazi huyo alizaa watoto wengi, na sharti la hoja ni kueleza kwa nini mmoja alikua na wengine wakadumaa. Masongaleni, Simba, Ikoyo, Kima na Ulu zilikuwa na reli ile ile, treni zile zile na stesheni masta wa aina ile ile. Tofauti ni kile kilichozifikia kutoka pembeni. Wengine watanikumbusha Makindu ya leo: ina barabara ya lami ya kwenda Wote, makao makuu ya kaunti, ina hospitali, hoteli na hekalu lake, lakini SGR haisimami. Je, si kweli kwamba barabara hazikuiletea stesheni? Ni kweli, kwa maana uamuzi wa mahali treni ya kisasa isimame ulifanywa ofisini, na stesheni za Kibwezi na Emali zilikwisha kuiweka Makindu katikati yao. Lakini hebu tazama upande wa pili: karakana ilipofungwa Makindu haikufa, na kilichoiokoa ni barabara. Reli ilipojiondoa, mji uliendelea kusimama kwa magari ya Mombasa na Wote. Huo ni uthibitisho wa hoja, si pingamizi.

SGR ilileta stesheni ya aina nyingine kabisa. Reli yake ina upana wa milimita 1,435, imeinuliwa juu ya tuta na madaraja, na stesheni nyingi zimejengwa pembeni ya miji badala ya katikati yake. Zina ua, lango moja na walinzi. Anayesafiri hukata tiketi kwa simu na kulipa kwa simu hiyo hiyo, huonyesha kitambulisho, mizigo yake hupitishwa kwenye mashine na wakati mwingine hunuswa na mbwa, kisha husubiri ukumbini mpaka aitwe. Mama wa maembe hana nafasi hapo. Hamfikii abiria dirishani, kwa sababu dirisha halifunguki na jukwaa si lake. Kwa upande mwingine, treni ya zamani katika miaka yake ya mwisho ilipita Makueni usiku, haikuja kila siku, na ilizoea kuchelewa. Treni ya SGR inayosimama kila stesheni huondoka miji mikuu asubuhi na kupita Emali mchana. Mtu wa Loitokitok anaweza kuipanga safari yake ya Mombasa kwa siku moja. Nje ya lango la Emali, treni inapokaribia, magari ya Loitokitok na Matiliku, boda boda na teksi za watalii wa Amboseli husimama kwa safu, na utaona biashara yote iliyofukuzwa jukwaani imejikusanya mita chache nje ya lango.

Hapa ndipo mpangilio wa stesheni unapogusa maisha ya watu moja kwa moja, na ndipo mfano wa mbali unapofaa. Shinjuku ya Tokyo, inayohesabiwa kuwa stesheni yenye abiria wengi zaidi duniani, ilifunguliwa mwaka 1885 pembeni ya jiji, ikiwa stesheni ndogo katika reli iliyounganisha Akabane na Shinagawa. Ilikua kwa sababu reli za kampuni nyingine zilizidi kuingia: ya Kobu mwaka 1889, ya Keio mwaka 1915, ya Odakyu mwaka 1927. Kila iliyoingia ililazimisha watu washuke moja na wapande nyingine, na maduka makubwa yakajengwa pale pale walipopita, ndani ya stesheni na juu yake. Leo ina milango zaidi ya 200. Sitarajii Emali iwe Shinjuku, na hoja yangu haihitaji iwe. Ninachosema ni kwamba kanuni ni moja: kinachokuza stesheni ni watu kuhama chombo, na biashara hukaa palipo na miguu. Wajapani walijenga milango 200 kwa kufuata miguu hiyo. Sisi tumejenga lango moja na kuitaka miguu ilifuate.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka kwa wafanyabiashara wenyewe wa miji hii, na lina uzito. Wao husema SGR haikuwaletea makutano, iliwanyang'anya. Kwa miongo mingi hoteli, gereji, vituo vya mafuta na nyumba za kulala za Mtito Andei, Makindu na Emali zimeishi kwa madereva wa malori. Agosti 2019 serikali ilipoagiza shehena zinazoelekea Nairobi na kwingineko bara zipakiwe treni Mombasa hadi bandari kavu, malori yalipungua barabarani na malalamiko yakasikika kutoka pwani hadi Ukambani. Mpaka Septemba 2022, Rais William Ruto aliporudisha kazi ya kuondolea shehena bandarini Mombasa, jambo hilo lilikuwa siasa ya kila kampeni. Ninalikubali dai hilo kama ukweli wa kiuchumi, lakini nikilichunguza naona linanipa nguvu. Treni ya mizigo isiyosimama haina tofauti na magadi ya Konza: inapita juu ya mji bila kuugusa. Lori ni chombo kinachosimama, na dereva wake ana tumbo, usingizi na tairi. Kilichowaumiza wafanyabiashara si reli kwa ujumla, ni aina ya reli inayosafirisha mizigo bila kubadilishana chochote njiani. Dawa yake haiko katika kuirudisha nchi nyuma kwenye malori pekee, bali katika kuzifanya stesheni ziwe mahali pa kushusha na kupakia, hata kama ni ndengu na maembe.

Na hapa Kitui, iliyoachwa na reli mwaka 1898, inarudi katika historia hii. Barabara kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui sasa ina lami, na inavuka mto Athi ambao kwa zaidi ya karne ulikuwa ukuta kati ya reli na Wakamba wa mashariki. Kwa mara ya kwanza tangu misafara ya Kivoi, mtu wa kusini mwa Kitui ana njia fupi na ya haraka ya kwenda pwani ambayo haipiti Machakos wala Nairobi. Anashuka kwa matatu Kibwezi na kupanda treni. Kwa hesabu ya reli peke yake, Kibwezi ya leo ni ile ile ya juzi: reli ya zamani, SGR, mashamba ya mkonge na chemchemi ya Umani. Kilichobadilika ni kwamba barabara mpya imeifikia kutoka upande ambao hapo awali haukuwa na mlango. Kama hoja yangu ni sahihi, tutegemee Kibwezi ianze kukua kwa namna Emali ilivyokua, na ikichelewa, tusiitafute sababu kwenye reli. Tuitafute kwenye nauli, ratiba za magari na umbali kati ya stesheni na stendi.

Kumbukumbu ya taasisi huwa na kishawishi cha kuhesabu mawe ya msingi na majina ya viongozi. Stesheni za Makueni zinastahili hesabu ya aina nyingine. Kwa miaka zaidi ya 125 zimepewa kazi na watu wa mbali: wahandisi wa Uingereza waliotafuta maji, wasimamizi wa dizeli walioyaacha maji, na wajenzi wa China Road and Bridge waliotafuta mstari ulionyooka. Hakuna kati yao aliyejenga makutano. Makutano yalijengwa na wachungaji wa Kajiado walioleta ng'ombe Emali, na wakulima wa Nzaui walioleta maembe, na madereva waliogundua kwamba abiria wa treni anahitaji gari la kwenda Kimana. Basi wanaoziendesha stesheni hizi leo, Shirika la Reli na serikali za kaunti, wana la kufanya ambalo si ghali: wazipangie matatu nafasi ndani ya lango badala ya nje yake, wauzaji wapewe vibanda ukumbini, na ratiba ya treni ya kila stesheni itungwe ikizingatia siku za mnada. Hatua hizo hazitaongeza kasi ya treni hata kilomita moja, lakini zitaifanya stesheni iwe mali ya mji unaoizunguka, na hilo ndilo jambo ambalo reli mbili, moja ya 1899 na moja ya 2017, hazikuwahi kulipanga.